Umeota bosi anakuvukia mipaka? Kabla hujatafuta tafsiri, angalia mchana wako

Kuna ndoto za kuposti na kuna ndoto za kumeza. Ukiota umeokota hela, umeota harusi, umeota unapaa juu ya Kariakoo, asubuhi unaitupia statasi na watu wanacheka. Lakini ukiota supavaiza wako wa fildi amefunga mlango, amekusogelea kuliko inavyotakiwa, mkono wake uko mahali ambapo haukupaswa kuwa, hiyo huposti. Unaamka jasho linakutoka, unaangalia simu, saa kumi na moja kasoro, halafu unajiuliza: hivi mimi nina shida gani?

Na saa tatu asubuhi unatakiwa ukae naye meza moja umwambie "shikamoo bosi".

Leo tuiongelee hiyo ndoto. Anaweza kuwa bosi, lekcha, kocha, mchungaji, ustadhi, baba mwenye nyumba, mjomba anayekulipia ada, au prodyuza aliyekuahidi kukutoa. Madada wanaiota, na makaka wanaiota pia, ila wao ndiyo kabisa hawasemi. Kinachofanana ni kimoja tu: huyo mtu ameshika kitu chako. Ameshika mkataba wako, maksi zako, namba yako kwenye timu, au jina lako zuri nyumbani.

Ukijikaza ukamsimulia mtu, majibu huwa ni yaleyale manne.

La kwanza ni la dini na mtaa: "Una jini mahaba wewe, katafute maombi." La pili ni la mashosti: "Acha unafiki, unamtaka mwenyewe, ndoto haidanganyi." La tatu ni la mitandaoni: kuota uko na mkubwa wako ni dalili ya kupandishwa cheo, shukuru Mungu. La nne ni la wale wanaojua kila kitu: "Huyo kakuendea kwa mganga, hama hiyo ofisi haraka."

Yasome tena polepole. Moja linakuambia umeingiliwa, moja linakuambia ni tamaa yako, moja linakupongeza, moja linakutisha. Hakuna hata moja linalokuuliza: huko kazini mchana kukoje?

Msimamo wangu ni huu, na unaruhusiwa kuukataa. Ndoto ya namna hii usiitafutie maana kwenye orodha za tafsiri, itafutie maana kwenye mchana wako. Haikuhukumu wewe, na wala haimhukumu yeye. Kinachofanya ni kukuonyesha kwamba kuna mahali umeweka alama bila kujua. Kazi yako ni kwenda kuangalia kama kuna kitu au hakuna.

Usiku kichwani kunaendelea nini

Mwaka 1953 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walitangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho ya mtu yanacheza haraka haraka chini ya kope, na ukimwamsha hapo mara nyingi anakusimulia ndoto. Kipindi hicho hujirudia kila baada ya kama dakika 90, na kadiri kunavyokaribia kukucha ndivyo kinavyorefuka. Ndiyo maana ndoto nyingi unazozikumbuka ni za alfajiri.

Ndani ya kipindi hicho, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, inaitwa amigdala, inakuwa imechangamka. Sehemu ya mbele, ile inayokuambia "hebu subiri, hii haiwezekani", inakuwa imepoa. Yaani hofu ipo kazini na mhariri kaenda likizo. Ubongo unachukua sura ya bosi, darasa lako la shule ya msingi, sauti ya baba yako na marashi ya mtu mwingine kabisa, unavichanganya kwenye sufuria moja. Mara nyingi hofu ni ya kweli, ila picha ni za kuokoteza.

Kuna mambo mawili hapa nataka uyashike, maana yanawatesa watu wengi kimyakimya.

La kwanza, wakati huo misuli ya mwili inakuwa imefungwa breki ili usianze kurusha mateke kitandani. Wengi wanaamka wanajilaumu, "mbona sikumsukuma, mbona sikupiga kelele?" Ulikuwa umelala. Ukitokea kuamka kabla breki haijaachiwa, unaona chumba chako vizuri kabisa lakini huwezi kusogea, na unahisi kama kuna mtu amekukalia kifuani. Wahenga waliliita jinamizi. Linatisha, lakini linapita.

La pili, wakati huohuo sehemu za siri hupata damu zaidi zenyewe, kwa wanaume na kwa wanawake, ndoto iwe ya mapenzi au ya kukimbizwa na ng'ombe. Kwa hiyo kuamka mwili ukiwa na msisimko hakuthibitishi kwamba ulikuwa unataka. Tafadhali lisome tena hilo, halafu mtumie rafiki yako ambaye unajua anajichukia kwa sababu hiyo.

Binti aliyeota nyumba inaungua

Sasa twende Vienna, Austria, mwaka 1900. Najua ni mbali, lakini stori yenyewe utadhani imetokea Sinza.

Sigmund Freud, daktari aliyekuja kuwa maarufu kuliko wote kwenye mambo ya ndoto, alikuwa ndiyo kwanza ametoa kitabu chake cha tafsiri ya ndoto, Novemba 1899. Mwaka uliofuata baba mmoja mwenye uwezo akamletea binti yake wa miaka 18. Freud alipoandika habari zake alimficha kwa jina la Dora. Kulikuwa na mtu mwingine kwenye stori, rafiki wa familia, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye Freud alimwita Bwana K.

Bwana K. ndiye yule mtu unayemjua. Mwenye zawadi, anayeaminiwa na wazazi, ambaye kila mtu anasema "yule ni kama baba yako". Kwa maandishi ya Freud mwenyewe, Dora akiwa na miaka 14 Bwana K. alimtegea wabaki wawili dukani kwake, akamkumbatia na kumbusu kwa nguvu. Miaka miwili baadaye, familia zikiwa mapumzikoni karibu na ziwa, akamtongoza. Dora akamzaba kibao akaondoka.

Binti alisema. Alimwambia mama, mama akamwambia baba, baba akamuuliza Bwana K. Yule akakana, akasema huyo mtoto anasoma sana vitabu vya mapenzi, amejitungia. Baba akachagua kumwamini rafiki yake. Na kwa mujibu wa Dora, baba mwenyewe alikuwa anatoka na mke wa Bwana K. Kwa hiyo ukimya wa binti ulikuwa na faida kwa wakubwa wote.

Siku zilezile, wakiwa bado kule ziwani, Dora akaanza kuota ndoto moja inayojirudia. Nyumba inaungua. Baba yake amesimama pembeni ya kitanda, anamwamsha. Anavaa haraka haraka. Mama anataka kwanza aokoe kisanduku chake cha vito, baba anakataa, hataki yeye na wanawe wawili wafe kwa moto kisa kisanduku. Wanashuka ngazi. Akishafika nje tu, anaamka.

Sasa sikiliza mchana wa binti huyo ulikuwaje. Baada ya lile tukio la ziwani, alijilaza kupumzika mchana, akafumbua macho akamkuta Bwana K. amesimama mbele yake. Akamuuliza unafanya nini hapa. Yule akajibu hakuna wa kumzuia kuingia chumbani kwake mwenyewe. Dora akaomba ufunguo kwa mke wa Bwana K. Kesho yake asubuhi akajifungia wakati anavaa. Mchana alipotaka kujifungia tena, ufunguo haupo. Akawa anavaa haraka haraka kila siku, huku anaangalia mlango.

Haya, wewe ambaye hujasoma udaktari, niambie ndoto ile inasema nini. Inasema toka humu ndani. Hakuna majini, hakuna fumbo. Binti analala kwenye nyumba yenye mlango usiofungwa, na usiku kichwa chake kinamtafutia mtu mzima mmoja wa kumwamsha na kumtoa nje, kwa sababu mchana mtu huyo hakupatikana.

Tumtendee haki Freud. Tofauti na baba, yeye aliamini kwamba tukio la ziwani lilitokea kweli, na aliona kabisa kwamba ndoto ilihusu kuikimbia ile nyumba. Lakini hakuishia hapo. Akaendelea kuchimba hadi akafika kwenye hitimisho kwamba moto ni mapenzi, kisanduku ni uke, na binti alikuwa anaogopa tamaa yake mwenyewe kwa Bwana K. Dora akikataa, kukataa kwake nako kukachukuliwa kama dalili kwamba ndivyo ilivyo. Yaani ukisema ndiyo ni ndiyo, ukisema hapana pia ni ndiyo.

Tarehe 31 Desemba 1900, baada ya kama wiki 11, Dora alimwambia daktari kwamba leo ndiyo mwisho. Akaondoka. Mwaka 1902 alirudi mara moja kumsimulia kilichofuata: alikwenda kwa familia ya Bwana K. kutoa pole ya msiba wa mtoto wao, akayaweka mambo mezani. Mke hakukana uhusiano na baba yake. Bwana K. akakiri tukio la ziwani. Freud aliyaandika haya yote mwenyewe, kwenye maandishi aliyoyachapisha 1905.

Mimi sioni kwamba tatizo la Freud lilikuwa ni kutafsiri ndoto. Tatizo lilikuwa swali. Aliuliza, "huyu binti anataka nini?" Swali lililokuwa mbele ya macho yake lilikuwa, "ufunguo uko wapi?"

Na miaka zaidi ya 120 baadaye, shosti wako anakujibu vilevile kama daktari wa Vienna: "unamtaka mwenyewe."

Ufunguo wako uko wapi?

Kwa hiyo ukiamka na ndoto hiyo, acha kujichunguza kama mtuhumiwa. Chunguza mchana wako. Kwa kadiri ninavyoona mimi, michana iko ya aina tatu.

Mchana wa kwanza ni ule ambao hakuna kitu. Unakumbuka mwezi mzima nyuma, huoni meseji ya ajabu, huoni mguso, huoni mlango uliofungwa bila sababu. Unaona tu mtu mkali, malengo ya mwezi hayajafikiwa, na mkataba wa majaribio unaisha wiki ijayo. Hapo ndoto imetumia lugha ya mwili kusema kitu cha madaraka: huyu mtu ana nguvu juu yangu na mimi sina pa kukimbilia. Inaudhi, ila ni presha ya kazi. Usimkwepe mtu wa watu korido nzima kwa kitu alichokifanya kwenye ndoto yako. Yeye usiku ule alikuwa kwake amelala.

Mchana wa pili ni wa vidogo vidogo, na huu ndio wenye watu wengi. Meseji ya saa tano usiku, "umelala?" Mkono begani unaokaa sekunde tatu zaidi. "Hiyo ripoti niletee hotelini, ofisini kuna kelele." Lifti ya kwenda nyumbani ambayo kila siku inapitia njia ndefu. Meseji anazotuma kisha anafuta. "Wewe nakuona tofauti na wenzako." Kila kimoja kina maelezo yake, na wewe mwenyewe mchana umeshakitetea: ni mcheshi tu, ndivyo alivyo, ana mke mzuri yule. Umekitetea kwa sababu unahitaji kazi, na hilo sikulaumu. Lakini ukilala, yule wakili wako wa mchana anaenda kulala pia. Kinachobaki ni jumla ya hesabu.

Mchana wa tatu ni ule ambao kitu kilishatokea. Juzi, au ukiwa na miaka tisa. Hapa wakati mwingine sura ya kwenye ndoto ni ya bosi mpya asiye na kosa, ila hofu ni ya mtu wa zamani. Kimefanana cheo, au sauti, au harufu ya sabuni. Kama ndoto inajirudia wiki kwa wiki na umeanza kuogopa kulala, hapo suala la tafsiri limeshapita. Unahitaji mtu wa kukusaidia kupona.

Utajuaje uko mchana upi? Chukua karatasi. Upande mmoja andika yaliyotokea ndotoni. Upande wa pili andika yaliyotokea ukiwa macho, na tarehe zake. Usiandike hisia, andika matukio: siku gani, saa ngapi, alisema nini, nani alikuwepo. Upande wa pili ukibaki mtupu, umepata jibu. Ukijaa hadi unageuza karatasi, umepata jibu pia, na hukuhitaji mtabiri.

Ndoto si ushahidi

Najua kuna atakayesema: basi nimeshaoneshwa, huyu mtu mbaya, naenda kumwanika. Hapana. Ngoja kidogo.

Mwaka 1995 Pemba, Unguja hadi Dar zilitikiswa na habari za Popobawa, kiumbe aliyesemekana kuwaingilia watu usiku wakiwa wamelala. Watu walilala nje kwa makundi, wakakesha. Wengi waliosimulia walikuwa wanaelezea kitu kinachofanana sana na jinamizi: umeamka, huwezi kusogea, umekandamizwa. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Lakini mjini Zanzibar mtu mmoja mwenye matatizo ya akili aliuawa na umati uliodhani ndiye Popobawa. Hapo ndipo hofu ya usiku inapoishia ikipewa kazi ya hakimu.

Kwa hiyo karatasi yako ya pili ndiyo yenye uzito. Ndoto inakupa sababu ya kuangalia. Haikupi haki ya kumtaja mtu.

Na kama unapenda mifano ya vitabu vitakatifu, upo mmoja ambao Wakristo na Waislamu wote tunao. Nabii Yusufu ndiye bingwa wa ndoto kwenye Biblia na Kurani. Alitafsiri ndoto za wafungwa, akatafsiri ya mfalme. Lakini kabla ya hapo, huyohuyo Yusufu alikuwa kijana wa kazi kwenye nyumba ya mkubwa, na mke wa mkubwa akamtaka kwa nguvu. Makaka mnaona? Mwanaume, kijana, aliyevukiwa mipaka na mwenye mamlaka. Akakataa, akakimbilia mlangoni. Kwenye Biblia vazi lake lilibaki mkononi mwa yule mama, likageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Kwenye Kurani kanzu ilichanika kwa nyuma, na shahidi akasema angalieni imechanika wapi. Na bado akaishia jela.

Mtu aliyejua ndoto kuliko wote, siku yake ilipofika, kilichozungumziwa kilikuwa mlango na nguo. Wala hakuna aliyemuuliza aliota nini.

Angalia na huyo anayekutafsiria

Hapa naomba uwe makini sana. Kumuomba Mungu baada ya ndoto mbaya ni jambo jema. Mafundisho ya Kiislamu yanakuelekeza umwombe Mungu akukinge na shari yake, uteme mate kidogo kushoto mara tatu, na usiisimulie ovyo. Wakristo wanasali. Sina ugomvi na hayo hata kidogo, mtu akiomba akapata usingizi, hiyo ni faida.

Ugomvi wangu uko na mtu anayekuambia jini mahaba lako linatoka kwa maombi ya faragha, usiku, nyumbani kwake, peke yako, na usimwambie mtu. Au mganga anayetaka akupake dawa mwenyewe sehemu ambazo hata daktari angemwita nesi asimame pembeni. Umekwenda na ndoto ya mtu mwenye mamlaka kuvuka mipaka, na unajikuta chumba kimoja na mwingine mwenye mamlaka anayevuka mipaka. Mtumishi wa kweli hatakosa kukuombea mbele ya watu, mlango ukiwa wazi, mama yako akiwa amekaa palepale.

Angalia mlango, kila mara.

Sasa ufanyeje?

Kama uko mchana wa pili au wa tatu, haya ndiyo yanayosaidia kweli.

Tunza meseji. Piga skrinshoti yenye tarehe na namba inayoonekana, zitume kwa mtu mmoja unayemwamini, usiziache kwenye simu ya ofisi. Hamisha mazungumzo yaende mchana na kwenye maandishi: "Bosi, nitaleta ripoti kesho saa nne pale mapokezi." Ukiitwa faragha, nenda na mwenzako. Hivi ni vitu vidogo, ila ndivyo vinavyokurudishia ufunguo.

Jua pia kwamba sheria inalo jina la huu mchezo. Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamkamata mtu yeyote mwenye mamlaka anayetumia mamlaka hayo kudai ngono ili akupe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. Adhabu ilivyoandikwa 2007 ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Utaona adhabu ndogo, na mimi naona ndogo. Lakini maana yake ni kwamba "niletee maksi zako hotelini" haijawahi kuwa utani. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kama aliyeguswa ni mtoto, kuna 116, nayo ni bure.

Kuhusu ndoto yenyewe, kama inajirudia na kukutesa, kuna njia imefanyiwa utafiti. Mwaka 2001 daktari wa Marekani Barry Krakow na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao na wanawake waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono na waliokuwa wanateswa na ndoto mbaya. Wanachofundishwa ni rahisi kuelezea: mchana, ukiwa macho, unaichukua ndoto unaiandika upya unavyotaka wewe. Mlango unafunguka. Unatoka. Mtu anaingia na taa. Halafu unaupitia huo mwisho mpya kichwani dakika chache kila siku. Waliofanya hivyo ndoto mbaya zilipungua na usingizi ukawa bora kuliko kundi lililokuwa bado linasubiri. Kama kumbukumbu ni nzito, fanya na mshauri nasaha, usijitose peke yako.

Angalia kilichopo kwenye njia hiyo. Hakuna anayekaa kukuambia wewe "kwa ndani" ulitaka nini. Unapewa kalamu, unaamua mwisho mwenyewe.

Na wewe unayesimuliwa

Nimalizie na wewe ambaye siku moja utapigiwa simu asubuhi na mtu anayejichekesha huku sauti inatetemeka: "Aisee, jana nimeota kitu cha kijinga sana, bosi wetu eti..."

Hicho kicheko ni mtihani. Anapima maji. Ukisema "unamtaka wewe", anacheka na wewe, anabadilisha stori, na hutasikia tena. Ukisema "unatafuta kiki", ndiyo kabisa umemfungia mlango kwa nje. Ukikimbilia majini, utampeleka kwa mtu mwingine mwenye chumba cha faragha.

Inawezekana ni presha tu, mkacheka wote kweli, mkaenda kunywa chai. Inawezekana pia kuna meseji za saa tano usiku ambazo hajamwonyesha mtu yeyote. Wewe hujui, na mpaka hapo huenda hata yeye hajajua.

Kwa hiyo usimtafsirie. Muulize, "Huko ofisini ukoje naye?" Halafu nyamaza, umwache aongee.